Kulipwa kwa Kutembea: Programu za Mazoezi Zenye Zawadi na Hukumu Yake

 

Kuna programu za simu zinazohesabu hatua za mtu mzima kwa siku, kisha zikamtuza: pointi, beji, vocha, sarafu za kidijitali, na nyingine pesa taslimu. Hupakuliwa bure popote penye mtandao, iwe Bukoba mjini au katika visiwa vya Muleba kama Bumbire, Ikuza, Mazinga na Goziba. Kwa familia inayoishi kwa dagaa, ambayo mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu na kipato kinasimama, tangazo la "tembea ulipwe" si jambo la mzaha. Baba anaweza kulichukulia kuwa riziki, na mama akaliona ni kamari. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu programu hizi si za aina moja.

Kutembea kwenyewe hakuna tatizo. Mwili ni amana, na imepokewa na Abu Dawud kwamba Mtume (SAW) alishindana mbio na mkewe Aisha (RA); mara ya kwanza Aisha alimshinda, na baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume (SAW) akamshinda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kati ya dakika 150 na 300 kwa wiki. Zile hatua 10,000 ambazo programu nyingi huziweka kuwa lengo la siku hazikutokana na daktari. Asili yake ni kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilibeba idadi hiyo. Mwanamke anayepanda kutoka ziwani na ndoo kichwani, kisha akashinda juani akianika dagaa, ameshafanya mazoezi hata kama hana simu.

Tatizo liko kwenye zawadi, na swali la kwanza kuuliza ni hili: pesa inatoka mfukoni mwa nani?

Zawadi inayotolewa na mwenye programu

Aina nyepesi ni ile ambayo mtumiaji halipi kitu. Mfano unaojulikana sana ni Sweatcoin, programu iliyoanzia Uingereza, inayogeuza hatua kuwa sarafu za ndani ya programu. Septemba 2022 ikaongeza sarafu ya kidijitali inayoitwa SWEAT. Kampuni hujipatia fedha kwa matangazo na kwa wafanyabiashara wanaotaka bidhaa zao zionekane. Mtumiaji asipotembea hapotezi kitu.

Hapa wanachuoni hurejea mlango wa ju'ala, yaani malipo yanayoahidiwa kwa atakayefanya kazi fulani. Dalili yake ni kisa cha Nabii Yusuf (AS), pale aliyetangaziwa kulirudisha kopo la mfalme alipoahidiwa shehena ya ngamia (Surat Yusuf, aya ya 72). Lakini ju'ala ina sharti: malipo yawe yanajulikana. Shehena ya ngamia ilijulikana. Sarafu ambayo leo ina bei na kesho haina, na ambayo huenda huwezi kuitoa ikaingia kwenye akaunti yako ya simu, haiwezi kuhesabiwa kuwa ujira unaojulikana. Tuliloona karibu zaidi na usawa ni kuichukulia kama hiba: ikija, ipokee, maadamu bidhaa unayopewa ni ya halali, lakini usiipangie ada ya shule ya mtoto.

Zawadi inayotoka kwa walioshindwa

Aina ya pili ni nzito. Katika StepBet, programu ya Marekani, mshiriki huweka pesa yake, mara nyingi dola 40, na kupewa malengo ya hatua kwa wiki kadhaa. Anayeshindwa lengo hupoteza alichoweka. Waliofaulu hurudishiwa chao na kugawana cha walioshindwa, baada ya kampuni kukata fungu lake. Jina lenyewe lina neno la Kiingereza la kuweka dau. Hii ndiyo maysir iliyokatazwa katika Surat Al-Maida, aya ya 90 na 91: kila mmoja yuko kati ya kupata mali ya mwenzake na kupoteza yake. Kwamba dau limewekwa juu ya afya badala ya mpira hakubadilishi kitu.

Wengi wa wasomaji wetu hawatakutana na StepBet. Watakutana na mdogo wake, kundi la WhatsApp. Tuchukulie vijana ishirini wa Bukoba na wa visiwani wanachanga shilingi 5,000 kila mmoja, wanatumiana picha za hesabu ya hatua kila usiku, na mwisho wa mwezi mwenye hatua nyingi anachukua 100,000 zote. Nia ni njema, wanapeana moyo, hakuna kampuni inayowanyonya. Hata hivyo sura yake ni ileile: mmoja amepata, na kumi na tisa wamepoteza.

Wapo wanaojibu kwamba Mtume (SAW) aliruhusu mashindano yenye zawadi. Ni kweli, na Hadithi ya Abu Hurayra (RA) iliyopokewa na Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai imeyataja matatu: mishale, ngamia na farasi. Wanachuoni wakatofautiana kuhusu mbio za miguu. Wanachuoni wa Kihanafi wameingiza mbio za miguu katika ruhusa hiyo. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii, ambao ndio madhehebu ya wengi wetu Afrika Mashariki, ni kwamba mbio za miguu zinafaa bila zawadi, na kuziwekea mali hakufai. Na hata katika mashindano yaliyoruhusiwa, jamhuri ya wanachuoni hawakukubali kila mshindani atoe dau bila kuwepo anayeshindana pasipo kutoa kitu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 14 mjini Doha, Januari 2003, liliziangalia kadi za mashindano za zama hizi na likakataza zile ambazo zawadi zake hutokana na pesa za washiriki.

Kundi hilo halina haja ya kuvunjwa. Mchango uondolewe. Mwenye duka au tajiri wa mitumbwi akipenda kutoa, atoe kwa kila aliyefikia lengo walilopangiwa, kila mtu kwa lengo lake. Hapo hakuna mshindi wala mshindwa, ni hiba ya kuhimizana, na khilafu ya mbio za miguu inaepukwa. Au wachange wakijua kwamba pesa yote inakwenda kwa mgonjwa au mjane, asiguse mshiriki yeyote.

Viatu visivyovaliwa

Aina ya tatu inakutaka ununue kwanza ndipo ulipwe. STEPN ilianza mwishoni mwa 2021 ikiuza viatu vya kidijitali, yaani picha ndani ya simu. Bila hivyo hulipwi. Katika miezi ya mwanzo ya 2022 kiatu cha bei ya chini kilifika zaidi ya dola 1,000. Sarafu yake ya malipo, GST, ilivuka dola 7 mwezi Aprili, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa haifiki senti tano. Waliotangulia walilipwa kwa sababu kulikuwa na wanaoingia. Watanzania wanaikumbuka DECI ya mwaka 2009, ambapo watu "walipanda" pesa na "kuvuna" za waliokuja nyuma yao, hadi Serikali ikaisimamisha. Ndani yake kuna gharar kubwa, na mtu asiuze mashine ya boti kwa ajili yake. Benki Kuu ya Tanzania nayo ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini, hivyo ukidhulumiwa, pa kudai ni padogo.

Mambo mengine ya kuangalia

Simu hutambua hatua kwa mtikisiko. Kwa hiyo mtumbwi unaotoka mwalo wa Nyamkazi, au bodaboda katika barabara ya mawe, vinaweza kuandikiwa hatua ambazo hukutembea. Zisizokusudiwa hazina lawama. Anayeitikisa simu kitandani ili alipwe amefanya ghushi, na Mtume (SAW) alimkemea mfanyabiashara aliyeficha nafaka mbichi chini ya kavu.

Programu hizi pia hujua unapopita. Januari 2018 ramani ya programu ya Strava ilionyesha kambi za kijeshi kwa sababu ya askari waliokimbia wakiwa nayo. Mke anayetembea alfajiri kwa njia ileile anatangaza njia hiyo. Azime ruhusa ya mahali na afunge akaunti yake isionekane na wageni.

Halafu kuna ile hesabu ya siku mfululizo, inayorudi sifuri ukikosa siku moja. Imetengenezwa ili uone uchungu wa kuacha. Mgonjwa anatoka nje na homa, mwingine anaacha jamaa ya Isha akamalizie hatua. Banu Salima walipotaka kuhamia karibu na msikiti, Mtume (SAW) aliwaambia wabaki makazini kwao, kwani hatua zao zinaandikwa. Imepokewa na Muslim. Kuzihesabu hatua hizo kwenye simu si haramu, ila kuzionyesha watu kunafungua mlango wa riya.

Aliyekwishaingia kwenye dau bila kujua, arudi kwenye rasilimali yake. Kilichozidi, ikiwa wenyewe wanajulikana kama katika kundi la WhatsApp, awarudishie hata kwa kidogo kidogo. Wakiwa hawajulikani, awape mafukara kwa nia ya kujitoa katika haramu. Na ikiwa alipoteza, asiingie tena kutafuta alichopoteza.

Wallahu a'lam.