Yai la Golet ni la Kisiwa Gani?

Mwaka 1955 Waingereza wawili, M.W. Ridley na Lord Richard Percy, walizunguka visiwa vya Shelisheli wakihesabu ndege wa baharini. Visiwa vilikuwa koloni bado, na swali lenyewe lilikuwa la biashara: mayai yamebaki kiasi gani?

Ndege aliyehusika zaidi Washelisheli humwita golet. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, mkia wa panda, na kelele usiku kucha. Hutaga yai moja tu, chini kabisa, na kiini chake kina rangi ya chungwa. Watu wa Mahé wamekula yai hilo kwa vizazi.

Bird Island, kaskazini ya Mahé, ilikadiriwa kuwa na jozi 18,000 hivi. Kisiwa kilikuwa kimejaa minazi, na golet hataki minazi, anataka uwanja. (Wafaransa walikiita Île aux Vaches, kisiwa cha ng'ombe, kwa sababu ya nguva. Nguva hawapo tena.)

Mwishoni mwa miaka ya 1960 ardhi ikaanza kusafishwa. Mtafiti Chris Feare alipoanza kazi pale, mwaka 1972, golet walikuwa mamia ya maelfu ya jozi. Hapo ndipo hesabu iliponigomea. Jozi moja, yai moja kwa msimu. Kinda akishaondoka hukaa baharini miaka kama mitano kabla ya kurudi kutaga, na wengi hawarudi. Hebu tuwe wakarimu, tuwape ongezeko la asilimia 10 kila mwaka: jozi 18,000 kwa miaka 17 zinafika 90,000 na ushei. Basi. Hao wengine hawakuzaliwa pale, walihamia. Walitoka kwenye visiwa vingine.

Hili si jambo dogo, kwa sababu uokotaji wa mayai ulipangwa kana kwamba kila kisiwa ni shamba lenye uzio wake. Chukua Desnœufs, zaidi ya kilomita 300 kusini-magharibi mwa Mahé. Msimu ukianza, eneo la kuokota lilisafishwa kwanza, mayai ya mwanzo yakaharibiwa, ili yatakayofuata yote yawe mabichi. Sehemu nyingine iliachwa ndege walee makinda. Utaratibu wa akili kabisa, mradi golet wa Desnœufs wabaki kuwa wa Desnœufs.

Feare na wenzake wakavisha ndege pete zenye namba, mwaka baada ya mwaka, kwa miongo. Wengi waliamini golet aliyekwisha kutaga mahali hurudi hapohapo. Wengi wao hurudi kweli. Lakini pete zikaanza kusomwa pasipotarajiwa: ndege wazima waliowahi kutaga kisiwa kimoja, sasa wanatagia kisiwa kingine. Kwa hiyo yai linaloliwa leo linaweza kuwa pengo kwenye kisiwa ambacho muokotaji hajawahi kukikanyaga.

Ninachokosa katika historia hii ni vibarua wenyewe, waliokaa Desnœufs msimu mzima wakiokota. Maandishi niliyoyasoma yanahesabu makasha ya mayai vizuri kuliko yanavyohesabu watu.

Pete ina udhaifu wake: inasema ndege alikuwa hapa na baadaye pale, katikati kimya. Siku hizi ndege hufungwa kifaa kidogo sana kinachorekodi mwanga. Saa za macheo na machweo zikilinganishwa, unapata mahali alipokuwa, kwa kukadiria. Golet wa Bird Island walionekana kutawanyika Bahari ya Hindi karibu yote, hadi Ghuba ya Bengal, hadi Mlango wa Msumbiji, karibu muda wote wakiwa hewani, maana manyoya yao hayavumilii kulowa. Katika mlango huohuo kuna Juan de Nova, yenye kundi lingine kubwa mno la golet.

Na kwetu wapo. Hutaga Fungu Mbaraka, kusini-mashariki mwa Unguja, kisiwa ambacho ramani za Kiingereza zinakiita Latham, jina la meli. Ni kipande tambarare cha mwamba wa matumbawe. Hakina mnazi hata mmoja.