Wali wa Valencia

Waingiao mikahawa ya Valencia, mji wa Hispania ulio kando ya Bahari ya Kati, huletewa paella: wali uliopikwa katika kaango pana kwa kuku, maharage na sungura (naye ni halali). Mlaji humsifu mpishi asimkumbuke mkulima. Mchele huko huitwa arroz, na mfereji acequia. Yote mawili asili yake ni Kiarabu, kwani Waislamu ndio walioeneza mpunga na mifereji bondeni mle. Mfalme Jaime aliutwaa mji mwaka 1238. Vizazi vyao, vilivyokwisha kubatizwa kwa nguvu, vikafukuzwa mwaka 1609. Mifereji ikabaki. Hata leo baraza la wakulima huamua kesi za maji siku ya Alhamisi, mlangoni pa kanisa kuu, pale ulipokuwa msikiti.