Herufi Ndogo Iliyopandishwa Juu ya Mstari

Katika Waithaka, upande wa magharibi wa Nairobi, kwenye duka dogo la saiba ambalo asubuhi hupokea wanafunzi wenye kazi za shule na jioni hupokea wafiwa wanaokuja kuchapisha karatasi za mazishi, niliketi siku moja nyuma ya binti mpiga chapa nikamwona akisita mbele ya jina la marehemu. Jina lile lilikuwa na u mbili ambazo kwa Kikuyu huvikwa kiwimbi juu yake, nazo kwenye kioo cha kompyuta zilikuwa zimetokea tupu. Mzee aliyeleta orodha ya nyimbo aliinama, akaweka kidole chini ya herufi, akasema kwa upole, "Mwanangu, hapa bado hujamwandika ndugu yangu." Neno hilo ndilo lililonituma kutafuta taarikhi ya alama hizi zinazokaa juu ya mstari, ambazo watu wengi huzidhani pambo, ilhali aghalabu ndizo zinazobeba maana.

Aliyesoma chuoni Lamu au Mombasa alilijua jambo hili tangu utotoni. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa kabila la Azd mwenye asili ya Oman, aliyeishi Basra katika karne ya 8, ndiye atajwaye kuwa mwenye kuziweka alama za irabu ambazo hata leo husomeshwa watoto wetu. Naye hakuzibuni kutoka hewani, bali alizichukua herufi zenyewe akazipunguza na kuzipandisha. Dhamma ni wau ndogo, fataha ni alifu fupi iliyolazwa, na shadda ni kichwa cha shini, herufi ya kwanza ya neno shadidi. Na lugha yetu ilipoandikwa kwa khati hiyo ya Kiarabu, ikaonekana kuwa ina sauti ambazo khati haikuzizoea, Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, aliongeza alama za kuzipambanua, ili msomaji wa utenzi asilazimike kubahatisha.

La ajabu ni kwamba kile kiwimbi cha Kikuyu kina nasaba iyo hiyo, ingawa kilipita njia nyingine. Waandishi wa Kilatini wa zama za kati, ambao ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali kwao, walizoea kuidondosha n au m na kuichora ndogo juu ya herufi iliyotangulia. Kwa mwendo wa miaka n ile ikalegea mkononi hata ikawa wimbi tu, Wahispania wakaliweka juu ya n yao, Wareno juu ya a na o. Kikuyu kina irabu saba, nao Walatini waliacha herufi tano za irabu. Basi wamisionari na wenyeji waliofanya kazi ya tahajia, wakiwamo watu wa Thogoto, ambayo si mbali na Waithaka na ambayo jina lake ni matamshi ya Kikuyu ya Scotland, walihitaji mbili zaidi, na tahajia iliyodumu ikazipata kwa kuweka wimbi juu ya i na u. Ukiandika ura umesema kunyesha kwa mvua. Ukiandika ũra umesema kukimbia. Hakuna awezaye kuniambia kwamba hilo ni pambo.

Ufundi wa chapa za risasi uliziheshimu alama hizi, lakini kwa gharama. Tarakimu ndogo ya juu, kama ile ya tanbihi, ilisubiwa katika kipande cha risasi chenye kimo sawa na wenzake, uso wake mdogo umejikusanya upande wa juu na chini yake pameachwa uwazi. Mpanga herufi aliichukua kwa vidole kutoka kisanduku chake, akaisimamisha mahali pake, na baada ya kazi akairudisha. Ilipokuja mashine ya Linotype, iliyobuniwa na Ottmar Mergenthaler na kuanza kazi New York mwaka 1886, mwendo uliongezeka mno, lakini ghala yake ya kawaida ilikuwa na mifereji 90 tu, na herufi isiyopata mfereji iliingizwa kwa mkono, moja moja. Lugha yenye wimbi katika kila neno la pili hupata taabu kubwa kwa mpango wa namna hiyo.

Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ya Seattle ilitoa PageMaker, na kazi iliyokuwa ya kiwanda kizima ikakaa juu ya meza moja. Programu za aina hii hazina kisanduku cha herufi ndogo. Huichukua herufi ya kawaida na kuipunguza mpaka asilimia 58.3 ya ukubwa wake, kisha huipandisha kwa asilimia 33.3, hivi kwamba katika maandishi ya pointi 12 herufi ya juu huwa ya pointi 7, nayo hukaa pointi 4 juu ya mstari. Mimi siipendi sana hesabu hii, kwa sababu herufi ikipunguzwa hivyo wino wake nao hukonda, ikawa kama mgonjwa kati ya wazima. Mchonga herufi hodari huichora upya ndogo yake, yenye unene wake. Lakini hata hiyo iliyokonda ni bora kuliko kuiacha chini, maana mwalimu wa hesabu akichapa mtihani wenye 5³, na kompyuta ikamtolea 53, mtoto aliyejifunza vyema atakosa swali kwa kosa lisilo lake.

Kwa Kikuyu dhiki ilikuwa kubwa zaidi. Jedwali za herufi za kompyuta zilizoenea zama hizo ziliwawekea Wareno ã na õ, na Wahispania ñ, wala hazikuwa na ĩ wala ũ. Wapangaji wengine waliazima û na î za Kifaransa, na athari ya azima hiyo ingali ikionekana katika maandishi mengi ya Kikuyu. Na aliyetaka usahihi aliandika u, akafuatisha wimbi peke yake, akalivuta nyuma na kulipandisha kidogo kidogo mpaka likakaa. Unicode ilipotolewa mwaka 1991 ilizipa ĩ na ũ nambari zao, ila fonti na vibonyezo vilichelewa kuifuata.

Binti wa Waithaka hakuwa na vibonyezo vyenye herufi hizo. Alichukua simu yake, akashikilia u kwa kidole hadi dada zake wakajitokeza, akachagua yule mwenye wimbi, akajitumia neno zima kwa ujumbe, kisha akalinakili na kulibandika kwenye karatasi ya mazishi. Karatasi ilipotoka kwenye printa ingali na joto, mzee aliisogeza dirishani, akalisoma jina kwa sauti, akaomba nakala 200.