Chemirocha: Sauti, Jina na Maana katika Wimbo wa Wakipsigis

Mnamo mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi Kapkatet, katika nchi ya chai ya Kericho, nyimbo tatu za Wakipsigis zenye jina moja: Chemirocha. Uliovuma zaidi ni wa tatu, ulioimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake kwa kuandamana na ala ya nyuzi. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Wasichana wanamsawiri kama nusu mtu nusu swala, wakimwalika acheze ngoma yao ya kuruka hata nguo zimvuke.

Wimbo huu umezoeleka kusomwa kwa namna mbili. Wapo wanaouona kuwa kichekesho cha watu walioshangazwa na gramafoni. Wapo pia wanaoutaja kama ushahidi kwamba muziki ni lugha ya walimwengu wote. Usomaji wa kwanza unawanyima wasichana hao utunzi wao. Wa pili unaipuuza lugha yao.

Hoja ya pili ina msingi kiasi. Mwaka 2009, Thomas Fritz na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa Wamafa wa Kameruni, ambao hawakuwa wamewahi kusikia muziki wa Magharibi. Wasikilizaji hao waliweza kutambua furaha, huzuni na hofu katika muziki huo zaidi ya ambavyo kubahatisha kungewezesha. Tena, imejulikana tangu zamani kwamba baadhi ya watu waliopoteza usemi kwa kuumia upande wa kushoto wa ubongo huweza kuimba maneno wasiyoweza kuyasema. Kwa hiyo muziki na lugha, ijapokuwa vinashirikiana katika ubongo, havitegemeani kabisa. Rodgers mwenyewe alisifika kwa kuruka ghafla kutoka sauti nzito hadi nyembamba pasipo maneno yoyote. Sehemu hiyo haikuhitaji mkalimani.

Hata hivyo, hisia ya jumla haizai swala. Kati ya sauti iliyosikika na wimbo ulioimbwa, lugha ilifanya kazi yake. Kikipsigis hakitofautishi sauti ghuna na zisizo ghuna kama Kiingereza kifanyavyo. Hivyo jina la mgeni likapokewa kwa “ch”, nalo likapata mwanzo unaolandana na majina ya kwao kama Chebet na Chepkoech. Baada ya jina kukaribishwa, mwenye jina naye akatiwa katika ngoma ya wenyeji. Huu ni utunzi kamili wa fasihi simulizi: kigeni kinapewa umbo, mwili na mahali pa kusimama.

Lakini swala huyo amewafikia wasomaji wengi kupitia maelezo ya Tracey, si kupitia maneno ya waimbaji. Katika miaka ya 2010, Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoiasisi Tracey mwaka 1954, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kurudisha nakala za rekodi hizo kwa Wakipsigis. Urejeshaji huo unampa mhakiki wajibu: kuanza na matini ya Kikipsigis na wasikilizaji wake wa Kericho na Bomet, ndipo aseme lolote kuhusu ulimwengu mzima.