Kibebeo

Kwa chombo kinachoingiza jeni katika seli, "kibebeo" ni neno linalofaa kuliko "mpagazi", jina la mtu anayebeba mizigo ya wapanda mlima, kwani kiambishi ki- hutaja kifaa na shina lake, bebea, hudokeza kuwa kitu hubebwa kwa ajili ya mwingine. Chanjo ya UVIKO-19 ya Janssen, iliyozinduliwa Tanzania Julai 2021, ilitumia kirusi kisichoweza kuzaliana kuwa kibebeo. Ile ya Pfizer haina kirusi, bali ina nanopatikali, yaani vitone vya mafuta vyenye upana wa takriban nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ambavyo huikinga RNA, nakala ya maagizo ya jeni, isiharibiwe na vimeng'enya njiani, kisha huifungulia ndani ya seli.