Kampuni ni yako: ujilipe mshahara au gawio?

Msikilizaji, ukisajili kampuni ya ukandarasi hapa Tanzania, fedha zake si zako mpaka ujilipe. Tupige hesabu.

Faida ya shilingi 100,000 hukatwa kodi ya kampuni asilimia 30. Ukichukua 70,000 zilizobaki kama gawio, hukatwa tena asilimia 10. Unabaki na 63,000.

Mshahara hutolewa kabla ya kodi ya kampuni. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi. Kipato cha 1,000,000 kinachotozwa kodi hukatwa 128,000. Mchango wa NSSF, asilimia 20 ya mshahara, uko pembeni, ila hiyo ni akiba yako ya uzeeni.

Basi anza na mshahara unaolingana na kazi, upeleke kodi TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Gawio lifuate.