Nani Hulipa Umbali? Gari Binafsi na Usafiri wa Umma Jijini Dar es Salaam, 1949–2017

Ikisiri

Insha hii inachunguza jinsi haja ya kumiliki gari ilivyojengeka jijini Dar es Salaam kuanzia mwaka 1949, ilipoanzishwa kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam Motor Transport, hadi mwaka 2017, ada ya mwaka ya magari ilipofutwa nchini Tanzania. Inajengwa hoja kuwa gari halikuwa hitaji la asili la mkazi wa mji huo, wala ununuzi wake hauelezeki kwa kupenda fahari peke yake. Haja hiyo ilizalishwa na maamuzi yaliyoutanua mji kwa kasi kuliko mabasi yake. Kila kipindi kilikuwa na namna yake ya kuamua nani alipe gharama ya umbali huo, na mara nyingi mzigo ulimwangukia mtu asiye na gari.

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu gari binafsi na usafiri wa umma katika miji ya Afrika huendeshwa mara nyingi kama suala la uchaguzi wa mtu: mwenye uwezo hununua gari, asiye na uwezo hupanda basi. Mtazamo huo una upungufu, kwa kuwa unauchukulia mji kama kitu kilichokwishakuwapo, ambacho wakazi wamekikuta na kukizoea. Umbali kati ya nyumba na kazi, shule, soko au hospitali una historia. Umepangwa na mamlaka, umesukumwa na bei ya ardhi, umeachwa ukue pasipo njia za kuuvuka.

Dar es Salaam ni mfano unaofaa kwa uchunguzi wa aina hiyo. Katika sensa ya mwaka 1967 mji ulikuwa na watu takribani 273,000. Mwaka 1988 mkoa ulihesabiwa kuwa na watu wapatao milioni 1.36, na mwaka 2012 milioni 4.36. Katika muda huohuo usafiri wa umma ulipita katika mikono ya kampuni binafsi ya Kiingereza, shirika la umma, wamiliki wadogo wa daladala, na hatimaye mfumo wa mabasi yaendayo haraka. Wanahistoria kama Joshua Grace na Emily Brownell wameonyesha kuwa usafiri, ufundi na makazi ya mji huu haviwezi kuelezwa kimoja bila kingine. Insha hii inafuata njia hiyo kwa swali moja: umbali ulipoongezeka, nani aliulipia?

2. Mji wa miguu na mji wa magari, 1949–1967

Upangaji wa kikoloni uliugawa mji katika maeneo matatu yaliyofahamika kwa wakazi kama Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mgawanyo huo ulikuwa wa rangi, lakini ulikuwa pia mgawanyo wa mwendo. Oyster Bay, kaskazini mwa mji, ilijengwa ufukweni kwa ajili ya maofisa wa Kizungu. Viwanja vyake vikubwa na nyumba zilizoachana vilidhani kuwa mkazi ana gari. Kariakoo, kwa upande mwingine, ilikuwa na msongamano wa nyumba, na mfanyakazi wa bandarini aliweza kufika kazini kwa miguu.

Hali hiyo ilianza kubadilika baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1949 mji ulipata mpango mkuu ulioandaliwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, na mwaka huohuo ikaanzishwa Dar es Salaam Motor Transport, iliyojulikana kwa kifupi DMT. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za Waafrika Magomeni na Temeke. Makazi hayo yalipunguza msongamano wa Kariakoo, lakini yalimsogeza mfanyakazi mbali na ajira yake. Nauli ikaingia katika bajeti ya kaya ambazo awali zilitembea. Huo ndio mwanzo wa tatizo linalojadiliwa hapa: mamlaka ilihamisha makazi, na gharama ya kuhama ikalipwa kila asubuhi na jioni na aliyehamishwa.

Uhuru wa mwaka 1961 uliondoa ubaguzi wa rangi katika makazi, lakini haukuondoa umbo la mji. Nyumba za Oyster Bay zilipata wakazi wapya, wengi wao viongozi na watumishi wa juu wa serikali, na nyumba hizo zilidai gari vilevile. Neno *wabenzi*, lililosambaa Afrika Mashariki katika miaka hiyo kuwabeza wakubwa wenye magari ya Mercedes-Benz, lilibeba malalamiko ya kisiasa. Hata hivyo, chini ya kejeli hiyo kulikuwa na jambo la kijiografia. Wakubwa walirithi mji wa magari, na walio wengi walirithi mji wa miguu.

3. Basi la taifa na gari la ofisi, 1967–1983

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 shughuli zake zikagawanywa: Usafiri Dar es Salaam (UDA) likachukua mabasi ya mji, na Kampuni ya Mabasi ya Taifa (KAMATA) likachukua safari za mikoani. Msingi wa mgawanyo huo ulikuwa wa haki: nauli ipangwe na serikali ili mfanyakazi wa kipato cha chini aimudu.

Ugumu ulijitokeza katika kulipia haki hiyo. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwaka 1978 vikaanza vita vya Kagera. Fedha za kigeni zilipungua, na basi lililokosa kipuri likabaki karakana. Nauli iliyowekwa chini ya gharama haikuweza kununua basi jingine. Mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria yaliongeza nafasi, lakini nayo yalihitaji vipuri vilevile vya kigeni.

Serikali ilijaribu pia kumgusa mwenye gari. Miongoni mwa hatua za kubana matumizi ya mafuta, magari binafsi yalizuiwa kutembea alasiri za Jumapili. Katazo hilo linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ni miongoni mwa nyakati chache katika historia ya mji huu ambapo mwendo wa mwenye gari, badala ya ule wa abiria, ndio uliowekewa mpaka. Lakini lilihusu siku ya mapumziko. Safari ya Jumatatu asubuhi, ambayo ndiyo iliyomtesa abiria, haikuguswa.

Wakati huohuo magari ya serikali na ya mashirika ya umma yaliendelea kuwabeba maofisa, na baadhi ya mashirika yalikuwa na mabasi ya kuwachukua wafanyakazi wake. Hivyo hata ndani ya ujamaa, uhakika wa kufika kazini ulitegemea mahali mtu alipoajiriwa. Aliyekuwa nje ya ajira hiyo, kama muuza samaki wa Feri, fundi wa gereji au mama lishe, alisubiri UDA kituoni. Nauli yake ilikuwa ndogo. Tofauti aliilipa kwa saa zake.

Wakati mabasi yakipungua, mji uliendelea kutanuka. Miradi ya viwanja vilivyopimwa iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia ilifungua Sinza na Kijitonyama, na mpango mkuu wa mwaka 1979, kama ule wa mwaka 1968, uliandaliwa na wataalamu kutoka Kanada. Nje ya mipango hiyo watu walijenga kwa namna yao Mbagala, Kimara na Gongo la Mboto, ambako kulipatikana kiwanja na mahali pa kulima mihogo mishahara isipotosha. Ardhi ya pembeni ilikuwa nafuu kwa sababu ilikuwa mbali, na unafuu huo ulirudishwa kidogo kidogo kwa njia ya safari.

4. Dala na hesabu, 1983–2000

Magari binafsi yaliyobeba abiria kwa siri yalikuwa yakifukuzwa na polisi kabla serikali haijakubali kuwa UDA peke yake halitoshi. Mwaka 1983 wamiliki binafsi waliruhusiwa kuendesha mabasi mjini kwa vibali vilivyotolewa kupitia UDA. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano iliitwa *dala*. Wito wa makonda ukawa jina la chombo. Baada ya masharti ya uagizaji kulegezwa mwaka 1984, na hasa baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, magari yaliyotumika kutoka Japani yaliingia kwa wingi, na vipanya vikaenea mjini.

Daladala lilifika mahali ambapo UDA halikufika, na hilo ni mchango usiopaswa kubezwa. Lakini namna lilivyoendeshwa ilihamisha gharama kwa watu wapya. Kama Matteo Rizzo alivyobainisha, madereva na makonda wengi hawakuwa wamiliki wa vyombo wala waajiriwa wenye mikataba. Kila siku walimpelekea mwenye gari *hesabu*, yaani kiasi kilichokwishapangwa, wakajaza mafuta, na kilichobaki kikawa ujira wao. Siku mbaya ilikuwa hasara yao. Mwenye gari alikwishapata chake.

Tabia nyingi za daladala zinazolaumiwa kama utovu wa nidhamu zinapata maelezo katika hesabu. Basi halikuondoka kituoni mpaka lijae kwa sababu kiti kitupu kilikuwa pengo katika ujira. Dereva alikimbia kwa sababu safari ya ziada ndiyo iliyokuwa faida. Ruti ilikatishwa njiani pale ambapo abiria wa kurudi walikuwa wengi kuliko wa kuendelea. *Deiwaka* alishika usukani kwa saa chache dereva mwenyewe alipochoka, na mpiga debe alilipwa kujaza gari ambalo hakulimiliki wala kuliendesha.

Aliyeumia zaidi katika mfumo huo alikuwa mwanafunzi. Serikali ilimpangia nauli ndogo kuliko ya mtu mzima, lakini haikumlipa mwenye daladala tofauti iliyobaki. Huruma ya serikali ikawa hasara ya konda, na konda akamzuia mtoto mlangoni. Mwanafunzi aliyechelewa darasani aliadhibiwa kwa kosa lililotokana na jedwali la nauli. Hapa kanuni ileile ya enzi ya UDA ilijirudia: nauli ya chini ilitangazwa bila kutajwa nani ataifidia.

5. Gari kama ununuzi wa muda

Ni katika mazingira hayo ndipo gari dogo lililotumika lilipoanza kuonekana kama hitaji la familia ya kipato cha kati. Maelezo ya kawaida huhusisha ununuzi huo na fahari. Fahari ipo, na inaweza kueleza kwa nini mtu achague gari kubwa badala ya dogo. Haielezi kwa nini mwalimu au muuguzi anayejenga Tegeta au Mbezi ajinyime kwa miaka ili apate gari lenye umri wa miaka kumi. Alichonunua ni uhakika wa saa ya kuondoka na ya kufika, bidhaa ambayo basi liliacha kuiuza.

Aidha, gari hilo halikuwa binafsi kikamilifu. Jirani aliomba lifti. Mgonjwa alipelekwa hospitali usiku. Harusi na misiba ililidai. Mahali ambapo usafiri wa umma ulikoma jioni, gari la mtu mmoja lilibeba wajibu wa mtaa. Desturi hiyo inaonyesha utu, lakini inaonyesha pia pengo ambalo utu ulilazimika kuliziba.

Kila gari lililonunuliwa kukwepa kuchelewa liliongeza foleni, na foleni ililichelewesha daladala lililobaki na abiria wengi zaidi. Hivyo suluhisho la kaya moja likawa gharama ya kaya nyingine. Haja ya gari ilijizalisha yenyewe.

6. Njia maalumu na ada ya mafuta, 2016–2017

Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, yalikuwa jaribio la kuukata mzunguko huo. Njia kuu za awamu ya kwanza zilikuwa na urefu wa takribani kilomita 21, zikigharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mji huu barabara ilimpa abiria wa basi nafasi ambayo mwenye gari hakuruhusiwa kuiingia. Safari ya Kimara ilifupika mno.

Hata hivyo, huduma ilianza na mabasi 140, na daladala ziliondolewa katika Barabara ya Morogoro. Nauli ya njia kuu iliwekwa shilingi 650, na aliyeunganisha na njia mlisho alilipa 800. Njia ikawa ya haraka. Foleni ikahamia ndani ya kituo. Lami maalumu ilithibitisha kuwa nafasi ya barabara inaweza kugawanywa upya. Haikuweza peke yake kujibu nani alipie wingi wa mabasi.

Mwaka uliofuata, bajeti ya 2017/18 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Hatua hiyo ilirahisisha ukusanyaji, na wenye magari waliipokea vizuri. Kwa mtazamo wa historia iliyoelezwa hapa, ina maana nyingine. Mzigo wa kumiliki gari ulihamishwa kwa kila anayechoma mafuta: dereva wa daladala anayetafuta hesabu, na hata kaya ya pembeni ya mji inayowasha taa ya chemli, ambayo haijawahi kuwa na gari.

7. Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kuwa gari na basi havikuwa pande mbili za uchaguzi huru. Gharama ya umbali ilihamishwa kutoka kwa mfanyakazi wa Magomeni kwenda kwa hazina ya umma, kisha kwa konda na mwanafunzi, kisha kwa mkopo na lita ya mafuta. Haikufutwa katika kipindi chochote. Mwenye gari alijinunulia njia ya kutoka, lakini naye alinaswa katika foleni aliyochangia kuijenga.

Kutokana na hayo, kupima usafiri wa mji kwa idadi ya magari au urefu wa lami hakutoshi. Kipimo kinachofaa zaidi ni saa: nani anazipoteza, na kwa uamuzi wa nani. Kwa kipimo hicho, basi linalofika kwa wakati wake Mbagala au Gongo la Mboto ni sera ya ardhi, ya ajira na ya elimu kwa pamoja, na kukosekana kwake ni kodi ambayo haikupitishwa na bunge lolote.